Simu ilisema maji yanajaa saa 4:40, saa 5:30 chombo kiko kwenye tope. Nani alikosea?

#1 Mgeni wa Utende (mleta uzi)
Wakuu habari. Mimi ni mtu wa bara, bahari naijua kwa kuitazama tu. Julai iliyopita nilikwenda Mafia na jamaa zangu sita. Tukalala Chole, kile kisiwa kidogo chenye popo wakubwa, na asubuhi yake tukakodi mashua itupeleke kisiwa jirani cha Juani kuona magofu ya mji wa kale wa Kua. Nahodha alituambia mapema kwamba Kua hakuingiliki kwa chombo ila maji yakiwa yamejaa, kwa sababu unapita katikati ya mikoko. Mimi nikatoa simu, programu ya maji ikasema: kujaa saa 4:40 asubuhi, mita 2.4. Kupwa saa 10:50 jioni, mita 1.6. Nikaona tuna muda wa kutosha.

Tumefika Kua saa 3:00 kamili. Tumezunguka msikitini, makaburini, kwenye lile jumba kubwa. Nahodha alisema turudi saa 5:00. Tukachelewa nusu saa (picha, mnajua). Kufika, mashua imelala ubavu kwenye tope na kijana wa chombo amekaa juu ya mzizi wa mkoko anakula muhogo. Nahodha akasema maneno mawili tu: "Maji yameshatoka."

Dakika hamsini baada ya kujaa! Swali langu: nani alikosea, simu, nahodha, au sisi?

#2 Kiti cha Nyuma
Nakaa hapa nisubiri wajuvi. Popo wa Chole nimewahi kuwaona, wanatisha kuliko maji.

#3 Bint Mzizima
Mlikosea nyinyi. Mtu kakwambia saa tano, unakuja saa tano na nusu. Uzi ufungwe.

#4 Jiografia ya Nyumbani
#3 usifunge haraka, hesabu haikubaliani na wewe. Kuna kanuni ya mabaharia ya kugawa maji mara 12. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita. Saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani mwanzo na mwisho maji hutembea polepole, katikati ndipo yanapokimbia.

Sasa mleta uzi ana mita 2.4 kwenda 1.6, tofauti ni sentimita 80. Gawa kwa 12, unapata kama 7. Ndani ya dakika 50 maji yalishuka chini ya sentimita 7. Huo ni upana wa vidole vinne. Mashua nzima haiwezi kulala ubavu kwa vidole vinne.

Na kuna jambo zito zaidi. Walifika saa 3:00, saa moja na dakika 40 KABLA ya kujaa. Wakati ule maji yalikuwa chini kama sentimita 16 kuliko kilele. Kwa hiyo saa 5:30 maji yalikuwa MENGI kuliko walipoingia. Chombo kilichoingia kwenye maji machache kimeshindwaje kutoka kwenye maji mengi?

#5 Kiti cha Nyuma
Duh. #4 umeniamsha.

#6 Msukuma wa Kirumba
Samahani wakuu, mimi niko Mwanza. Haya maji yanakwenda wapi yakitoka? Sisi huku kivuko cha Ukerewe hakisubiri maji, kinasubiri abiria.

#7 Shangazi Pweza
#6 yanakwenda kwa wenzenu wa upande wa pili, wakimaliza wanaturudishia 😂

Mwanangu mleta uzi, pole. Hukutaja jambo kubwa kuliko yote: mwezi ulikuwa wa ngapi? Sisi wanawake tunaokwenda mwambani kutafuta pweza hatutazami simu, tunatazama mwezi. Mwezi mosi, pili, tatu, na tena kumi na tano mpaka kumi na saba, ni bamvua, maji makubwa. Bamvua maji hujaa alasiri kama saa kumi, na alfajiri kama saa kumi. Hupwa saa nne asubuhi, mwamba wote mkavu, ndiyo siku zetu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na saa zinageuka: yanajaa saa nne asubuhi, yanapwa saa kumi. Ila hayajai sana na hayapwi sana.

Saa zako zinaonyesha ulikwenda maji mafu. Usiku ule mwezi ulikuwaje?

#8 Mgeni wa Utende
Shikamoo Shangazi. Nakumbuka vizuri, tulikula nje Chole baada ya isha. Mwezi ulikuwa nusu, umeelekea magharibi.

#9 Shangazi Pweza
Marahaba. Basi maji mafu hayo. Simu haikudanganya saa.

#10 Yakhe wa Ng'ambwa
Mimi natoka kisiwa kinachoitwa Uzi, Unguja kusini, kwa hiyo huu ni uzi wangu kwa haki ya jina. Kwetu barabara yenyewe inapita kwenye mikoko kutokea Unguja Ukuu, na maji yakijaa barabara inazama. Gari inasubiri, bodaboda inasubiri, hata maiti ikitoka hospitali inasubiri. Nyinyi mnalia kwa sababu maji yametoka, sisi tunalia kwa sababu yameingia.

Kuhusu mada: maji mafu yana tabia moja ambayo #4 hakuitaja. Si kwamba yanashuka kidogo tu, hata hayapandi kufika juu. Hori, ule mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, ambalo siku ya bamvua lina maji ya kifua, siku ya maji mafu lina maji ya magoti hata wakati wa kilele. Nadhani nahodha hakuwa na maji ya kutosha tangu mwanzo. Aliingia kwa kuburura.

#11 Fundi Tanga
Naunga mkono #10. Bamvua pwani yetu maji hupanda mpaka karibu mita 4 kwenye jedwali, huyu alikuwa na 2.4. Mita moja na nusu imepungua! Hapo nahodha mwenye akili angekataa safari ya Kua au angewashusha kijijini Juani mkatembea.

#12 Jiografia ya Nyumbani
#10 na #11 hoja nzuri lakini bado hamjajibu. Kama aliingia kwa kuburura saa 3:00, saa 5:30 angetoka kwa kuburura kidogo zaidi. Maji yalikuwa mengi kuliko alipoingia. Ninasisitiza.

#13 Bint Mzizima
#12 unapenda kusisitiza kama mwenyekiti wa harusi.

Mimi nina dhana nyingine. Simu iliandika 10:40, si ndiyo? Mleta uzi akamwambia nahodha "maji yanajaa kumi na arobaini". Nahodha wa Chole akisikia kumi anajua ni alasiri. Akajua ana siku nzima, akaenda zake.

#14 Mgeni wa Utende
😂😂 Hapana dada yangu, nimezaliwa Dodoma si London. Nilisema saa nne na dakika arobaini. Na yeye wala hakusikiliza, alitazama mikoko akasema "twende".

#15 Nahodha Mstaafu
Salaam. Nimeendesha vyombo kati ya Nyamisati na Kilindoni tangu enzi za tanga tupu hadi mashine. Nina maswali matatu kwa mleta uzi kabla sijasema kitu.
Chombo kilifungwa wapi mlipofika, na mlikikuta palepale?
Kulikuwa na mzigo?
Upepo ulikuwaje?

#16 Mgeni wa Utende
Mzee shikamoo. Kwa kuwa umeuliza…
Upepo ulikuwa mkali tangu alfajiri, kusi. Tulilowa kidogo tukivuka.
Mahali: tuliposhuka tulitembea kwenye maji kama hatua thelathini hadi nchi kavu, maji ya magoti. Tuliporudi mashua ilikuwa karibu zaidi, hatukulowesha hata viatu.
Mzigo: kulikuwa na magunia sita ya nazi ambayo hayakuwapo asubuhi. Nahodha alisema ni ya shemeji yake.

#17 Kiti cha Nyuma
Magunia sita ya nazi unayakumbuka kwenye #16! Hii ndiyo sababu kesi mahakamani haziishi.

#18 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Basi mimi namaliza. Kijana alisogeza chombo wakati maji yakijaa ili kupakia nazi bila kutembea. Akakifikisha ukingoni kabisa, maji yakiwa kwenye kilele. Chombo kikifungwa kwenye kilele, maji yakishuka hata kidogo kimepwelewa. Kazi ya kijana ni kukaa na upondo na kusukuma chombo kurudi kwenye kina kadiri maji yanavyotoka. Yeye alikuwa anakula muhogo.

Na nazi zikaongeza uzito. Chombo kinazama zaidi.

#19 Fundi Tanga
Mzee #18 kaua. Ngoja niongeze namba. Mashua ndogo ya urefu wa mita 7, eneo linalogusa maji tuseme ni mita 9 za mraba. Kuizamisha sentimita moja zaidi unahitaji kilo kama 90. Gunia la nazi weka kilo 80, mara sita ni 480. Chombo kimezama zaidi kwa sentimita 5. Maji yameshuka 6. Jumla 11. Kama mkuku (ule uti wa chini ya chombo) ulikuwa na nafasi ya kiganja tu, kwisha.

#20 Jiografia ya Nyumbani
Nakubali kwamba chombo kusogezwa kunaondoa swali langu la #4. Lakini "kulala ubavu" bado kunanisumbua. Sentimita 11 zinakwamisha mashua, hazikilazi chombo ubavu juu ya tope.

#21 Shangazi Pweza
Mwalimu, mashua haina tako bapa kama sinia. Mkuku ukigusa tu na mzigo uko upande mmoja, inainama. Hujawahi kuona?

#22 Jiografia ya Nyumbani
Niko Morogoro, Shangazi.

#23 Shangazi Pweza
Ndiyo nikasema.

#24 Amu Kale
Salamu kutoka Lamu. Huku Kenya tuna Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Zamani maji yakijaa, boti za kwenda Pate zilipita humo ndani, kumetulia. Yakipwa, hazikupita, ilibidi zizunguke nje ya Manda kwenye bahari kuu, na wakati wa kusi safari hiyo hata mama mkwe hutaki aende nayo. Kwa hiyo abiria wa Pate na Faza walikuwa hawaulizi "boti inaondoka saa ngapi". Waliuliza "maji saa ngapi".

Nami niliwahi kulala Mkanda usiku mzima, tumepwelewa watu ishirini na mbuzi wawili. Nahodha wetu hakuwa na kosa la saa. Mchanga ulikuwa umehama. Fungu lililokuwa kulia mwaka jana liko katikati mwaka huu. Jedwali linakwambia urefu wa maji, halikwambii urefu wa mchanga. Hori la Kua nalo huenda limejaa tope tangu nahodha alipokwenda mara ya mwisho.

#25 Bint Mzizima
Na mbuzi walifanyaje?

#26 Amu Kale
Mmoja alijifungua. Sasa walikuwa watatu.

#27 Hewa na Maji
Mmeisahau hewa. Bahari inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Kanuni inayojulikana: kanieneo ikipanda kwa milibari 1, maji yanashuka kama sentimita 1. Julai ndiyo kipindi ambacho kanieneo huku kwetu huwa juu kuliko Januari. Jedwali la maji linapigiwa hesabu ya mwezi na jua, halijui hali ya hewa ya siku ile. Watu mnabishania sentimita 6, hewa peke yake inaweza kula 4 au 5. Mita 2.4 ya kwenye simu ilikuwa ya kwenye simu.

#28 Yakhe wa Ng'ambwa
#27 na kusi je? Kusi inasukuma maji kuja nchi kavu. Si yangeongezeka?

#29 Hewa na Maji
Inategemea ufukwe umeelekea wapi. Ghuba ya Chole imezungukwa, Juani yenyewe imekaa kama ukuta upande wa bahari kuu, na Kua iko upande wa ndani. Upepo unaweza kujaza maji upande mmoja wa ghuba na kuyapunguza mwingine.

#30 Nahodha Mstaafu
Kweli nusu. Upepo hauna maana kubwa kwenye hori la mikoko, una maana kubwa mlangoni. Ghuba ya Chole inapumua kwa milango michache, mkubwa ni Kinasi. Maji yote yanayoingia kwa muda wa saa sita lazima yatoke kwa muda wa saa sita kwa milango hiyohiyo. Maji yakitoka na kusi inavuma kuingia, vinakutana uso kwa uso, mawimbi yanasimama wima. Ndiyo maana wanaozamia kutazama samaki hupelekwa Kinasi maji yakiwa yanaingia. Yakiwa yanatoka mzamiaji anaweza kujikuta njiani kwenda Shelisheli.

#31 Msukuma wa Kirumba
Narudi na swali langu la #6, safari hii nimelivalia koti. Kama mwezi unavuta maji, kwa nini hauvuti Ziwa Victoria? Ziwa ni kubwa kuliko nchi za watu.

#32 Jiografia ya Nyumbani
Unalivuta, ila kwa sentimita chache ambazo upepo wa asubuhi unazifuta. Maji ya bahari yana nafasi ya kukimbia kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine. Ziwa ni beseni. Halafu mwezi hauko peke yake, jua nalo huvuta kwa nguvu inayokaribia nusu ya ile ya mwezi. Vikivuta mstari mmoja, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni bamvua. Vikivuta pembe mraba, ni maji mafu.

#33 Amu Kale
Lakini hiyo haielezi kwa nini huku kwetu maji ni makubwa. Mauritius ni bahari hiihii ya Hindi, mwezi uleule, na maji yao hupanda na kushuka kama nusu mita tu. Beira, Msumbiji, hufika mita 6 na zaidi. Mwezi unaipendelea Beira?

#34 Jiografia ya Nyumbani
Ni umbo la pwani. Mauritius iko peke yake baharini, maji yanapita pembeni. Beira ina sakafu pana yenye kina kifupi, maji yanajikusanya.

#35 Fundi Tanga
Wengine husema ni Madagaska inayobana mkondo wa Msumbiji.

#36 Jiografia ya Nyumbani
Yote mawili pengine.

#37 Bint Mzizima
"Yote mawili pengine" kutoka kwa mtu wa "ninasisitiza". Leo kuna jambo.

#38 Kumbukumbu za Rufiji
Wakuu mnazungumza Mafia bila kutaja vita? Kina cha maji ndicho kilichoandika historia ya pale. Wajerumani walikaa Chole kama makao yao ya Mafia, kisha mwaka 1913 wakahamia Kilindoni kwa sababu meli za mvuke zilihitaji mahali pazuri zaidi pa kutia nanga. Mji ukafa kwa ajili ya kina.

Kisha 1914 manowari yao Königsberg ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, kina hakitoshi. Waingereza wakaikamata Mafia Januari 1915, wakaleta meli mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo tumbo lake lilizama chini ya mita 2 tu. Zikaingia mtoni mara mbili Julai, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha.

#39 Kiti cha Nyuma
Kwa hiyo mleta uzi alitakiwa akodi Severn.

#40 Mzaliwa wa Juani
Nimesoma uzi wote kimya, sasa nina la kusema. #1 unasema mlipwelewa. Mlirudije Chole? Maana hapo ndipo ukweli ulipo.

#41 Mgeni wa Utende
Tulitembea. Kijana mmoja wa hapo alituongoza kwa njia ya mashambani hadi kijiji cha Juani, tukapumzika, na kama saa kumi na nusu tukavuka kwa miguu kwenda Chole. Nahodha alibaki na chombo. Alifika Chole saa sita za usiku, nazi zote salama.

#42 Mzaliwa wa Juani
Mlivuka kwa miguu, sawa, ndiyo njia yetu. Maji yalikufika wapi?

#43 Mgeni wa Utende
Kiunoni. Mwenzetu mfupi yalimfika kifuani, tulimbebea mkoba.

#44 Mzaliwa wa Juani
Haya, tazameni. Siku za bamvua, pale tunavuka maji ya kifundo cha mguu, watoto wanakimbia. Maji ya kiunoni wakati wa kupwa ni maji mafu kweli. Kwa hiyo Shangazi #9 kapata, na simu imepata. Lakini chombo kimetoka usiku na magunia yake yote sita ya nazi. Kujaa kwa usiku ni kama saa tano. Kama #19 angekuwa sahihi kwamba nazi ndizo zilizokizamisha, kingetokaje usiku na mzigo uleule?

#45 Fundi Tanga
Kwa sababu kujaa kwa usiku na kwa mchana si sawa. Angalia jedwali lolote, kila siku kuna kujaa mara mbili na mara nyingi moja inazidi nyingine kwa sentimita kadhaa. Usiku ilikuwa kubwa.

#46 Hewa na Maji
Au upepo ulilala usiku, kama kawaida ya kusi. Nilisema.

#47 Nahodha Mstaafu
Au nahodha alishusha nazi, akasukuma chombo, akazipakia tena kwa mtumbwi. Mimi nimefanya hivyo mara zisizohesabika. Usimwambie abiria kila kitu.

#48 Mzaliwa wa Juani
Mzee #47, hiyo inawezekana. Lakini kuna na hili: wazee wetu hawapendi watu wachelewe Kua baada ya maji kugeuka. Mji ule uliporwa na Wasakalava kutoka Madagaska, watu wakachukuliwa. Na kabla ya hapo kuna ile habari ya Kisimani na Kua, kwamba watu wa Kisimani walipokuwa wakishua jahazi waliwalaza watoto wa Kua chini badala ya magogo, na watu wa Kua wakalipiza kwa kuwaalika harusini na kuwajengea ukuta chumbani wakiwa hai. Chombo kukataa kushuka majini pale Kua si habari mpya.

#49 Bint Mzizima
Nilikuwa nakula. Nimeacha.

#50 Yakhe wa Ng'ambwa
Astaghfirullah. Turudi kwenye nazi.

#51 Mgeni wa Utende
Wakuu, nimechimba kwenye simu nimepata picha moja ya mashua ikiwa imelala. Nimeiweka hapo chini. Ukiikuza utaona mizizi ya mkoko ina alama: chini imelowa, nyeusi inang'aa, juu imekauka kijivu. Kutoka kwenye maji mpaka mwisho wa sehemu iliyolowa ni kama shibiri moja na nusu. Kijana wa muhogo anaonekana mguu tu.

#52 Jiografia ya Nyumbani
Shibiri moja na nusu ni zaidi ya sentimita 30! Kwa kanuni ya #4 hiyo ni saa mbili na nusu hivi baada ya kujaa, si dakika 50. Basi simu ilikosea saa. Maji yalijaa kama saa tatu.

#53 Shangazi Pweza
Mwalimu, mzizi wa mkoko unalowa kwa mawimbi pia. Kusi ilikuwa inavuma. Na hiyo nyeusi inaweza kuwa ukungu wa tope tu. Mimi naona chaza juu ya mstari wako, chaza hawakai pakavu.

#54 Nahodha Mstaafu
Mimi natazama kamba. Imefungwa kwenye mti wa nchi kavu, kwa omo (mbele ya chombo), na ni fupi. Chombo kilichofungwa fupi hakiwezi kufuata maji. Hiyo si kazi ya mwezi.

#55 Fundi Tanga
Mzee, hiyo si kamba, ni mzizi.

#56 Nahodha Mstaafu
Mwanangu, nimefunga kamba kabla hujazaliwa.

#57 Amu Kale
Nimeikuza mpaka imekuwa ukungu. Naona kamba na mzizi.

#58 Mzaliwa wa Juani
Mleta uzi, leta picha ya upande wa nyuma wa chombo. Tuone usukani umekaa kwenye tope au kwenye maji.

#59 Mgeni wa Utende
Sina. Baada ya hiyo chaji iliisha, ndiyo maana hata programu ya maji sikuweza kuitazama tena. Ila namba ya nahodha ninayo, nitampigia Ijumaa baada ya sala.

#60 Kiti cha Nyuma
Muulize na bei ya nazi.